Namna ya Kufunga Ekseli ya Usukani na Uzani wa Nyuma kwenye Foklifti

Foklifti ya kawaida ya maghalani, ile ambayo uma zake hutokeza mbele bila miguu ya kuegemea sakafuni, ni mizani yenye magurudumu. Ekseli ya mbele ndiyo egemeo. Upande mmoja kuna mzigo, na upande wa pili kuna pande kubwa la chuma cha kusubu lililofungwa mgongoni mwa mashine, ambalo katika mwongozo huu nitaliita uzani wa nyuma. Kazi yake ni ileile ya jiwe la mizani sokoni, au ya farumi ndani ya jahazi. Mbele kidogo ya chuma hicho, chini ya fremu, kuna ekseli ya usukani, kwa kuwa foklifti hukata kona kwa magurudumu yake ya nyuma. Mafundi wengi huzishughulikia sehemu hizi mbili kila moja kwa wakati wake, kana kwamba hazihusiani. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu miaka ya kazi imenionyesha kwamba kila kilo iliyomo kwenye uzani hubebwa na beringi za ekseli hiyo, na kwamba kosa lililofanyika kwenye sehemu moja aghalabu huja kuonekana kwenye nyingine.

Mfano nitakaoutumia ni foklifti ya dizeli yenye uwezo wa tani 2.5, aina ambayo hushuka kwa wingi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa ikiwa imekwisha kutumika Japani. Mashine kubwa zaidi mara nyingi husafirishwa zikiwa zimevuliwa uzani wa nyuma, na fundi anayezipokea hana budi kuzifunga upya. Kanuni ni zilezile, isipokuwa vipimo na vifaa vya kunyanyulia huongezeka.

Hesabu inayopaswa kutangulia spana

Chukua mashine yenye uzito wa kilo 3,700 bila mzigo, umbali wa mita 1.6 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 95 nyuma ya ekseli ya mbele. Zidisha uzito kwa umbali huo, utapata 3,515, na hiyo ndiyo nguvu inayoizuia mashine isiinamie mbele. Ukigawanya kwa 1.6 utaona kwamba ekseli ya usukani hubeba karibu kilo 2,200, yaani zaidi ya nusu ya mashine nzima, wakati uma hazina kitu.

Sasa weka mzigo wa kilo 2,500 wenye kitovu kilichopo milimita 500 mbele ya mgongo wa uma, ambacho ndicho kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi kwa mashine za ukubwa huu. Kutoka kwenye ekseli ya mbele hadi mgongo wa uma kuna takriban sentimita 45 nyingine, kwa hiyo mzigo unavuta kutoka umbali wa sentimita 95, nao unatoa 2,375. Kinachobaki kushikilia nyuma ni 1,140, na ekseli ya usukani sasa imebakiwa na kilo 710 hivi. Hizo kilo 710 ndizo zinazoyabana magurudumu ya usukani sakafuni ili dereva aweze kukata kona. Zikipungua sana, usukani huwa mwepesi kama wa mtumbwi usio na abiria, na hatua inayofuata ni mashine kuinuka mkia.

Uzani wa nyuma wa mashine hii tuufanye kilo 1,300, kitovu chake kikiwa mita 1.9 nyuma ya ekseli ya mbele. Ukiuvua, mashine itaendelea kusimama kwa magurudumu yake manne, na hapo ndipo hatari inapojificha, maana fundi huiona imesimama akadhani iko salama. Kwa hesabu hiyohiyo, mzigo wa kilo 1,100 tu utatosha kuilaza kifudifudi foklifti iliyoandikwa tani 2.5. Kwa foklifti ya umeme hali ni mbaya zaidi, kwa sababu betri yenyewe ni sehemu ya uzani. Ndiyo maana kibao chake cha taarifa hutaja uzito wa chini na wa juu wa betri inayoruhusiwa. Betri na uzani wa nyuma visitolewe kwa pamoja bila fremu kufungiwa mihimili ya kuishikilia.

Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini usiongeze uzani. Ghala moja liliwahi kutuletea foklifti wakilalamika kwamba usukani wake umekuwa mzito na magurudumu ya nyuma yanalia. Mgongoni mwake walikuwa wamechomelea vipande vya reli vya kilo 300 hivi ili mashine iinue mzigo mkubwa kuliko ulioandikwa kwenye kibao. Vipande hivyo vilikaa nyuma kabisa, mita 2.1 kutoka egemeo, kwa hiyo kilo 300 ziliongeza karibu kilo 400 juu ya ekseli ya usukani. Kwa kuwa zimening'inia nyuma ya ekseli hiyo, ziliikandamiza kwa zaidi ya uzito wao wenyewe huku zikiipunguzia ekseli ya mbele. Nilipotoa kingipini ya kushoto, ile pini ya wima ambayo gurudumu la usukani hugeukia, sindano za beringi zilikuwa zimesagika hata nikazifuta kwa kitambaa kama unga mweusi. Uharibifu ule haukutokea wakati wa kubeba mzigo. Ulitokea mashine ikirudi tupu, safari baada ya safari, kwa kuwa ekseli ya usukani hulemewa zaidi pale ambapo uma hazina kitu.

Kwa hiyo uzani unaoufunga uwe uleule uliotengenezewa modeli hiyo. Kanuni za usalama kazini za Marekani, kifungu 1910.178, zinamtaka mwenye mashine apate kibali cha maandishi cha mtengenezaji kabla ya mabadiliko yoyote yanayogusa uwezo au usalama wa foklifti, na vibao vya taarifa vibadilishwe kulingana na mabadiliko hayo. Huo ni utaratibu wa busara hata pale ambapo sheria hiyo haifiki.

Maandalizi

Kazi ifanyike juu ya sakafu ya zege iliyo tambarare. Udongo ulioshindiliwa hautoshi, kwa sababu stendi za jeki huzama upande mmoja bila kutoa taarifa. Shusha uma hadi sakafuni, simamisha mlingoti (nguzo za mbele zinazopandisha uma) wima, zima injini, kisha sogeza mikono ya haidroliki mbele na nyuma mara kadhaa ili shinikizo lililobaki kwenye mipira ya kupitishia mafuta lishuke. Funga breki ya mkono, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele, na tenganisha waya hasi wa betri. Ufunguo wa mashine uwe mfukoni mwa fundi mwenyewe hadi kazi iishe.

Tafuta uzito wa uzani wa nyuma kabla ya kuchagua kreni. Mara nyingi umesubiwa kwenye chuma chenyewe, au umeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ukiukosa kabisa, pima ujazo wake: chuma cha kusubu kina takriban kilo 7.2 kwa kila lita, hivyo pande la lita 180 linakaribia kilo 1,300. Kuna uzani mwingine ambao ni ganda la chuma lililojazwa zege na mabaki ya vyuma, na huo huwa mwepesi kwa ujazo uleule. Ukiuhesabu kama chuma kitupu utakosea kwa upande ulio salama, jambo ambalo halina madhara kwa kunyanyua. Kreni, cheni, sheko (pingu za kuunganishia) na slingi (mikanda au kamba za kunyanyulia) zote ziwe na uwezo unaozidi uzito huo, na kila kimoja kiwe kimeandikwa uwezo wake. Slingi isiyo na lebo inayosomeka ichukuliwe kuwa haina uwezo wowote.

Ekseli ya usukani

Ikiwa sehemu zote mbili zimetolewa, anza na ekseli. Fremu isiyo na uzani wa nyuma ni nyepesi kuinua, na uzani utakapokuja utateremshwa juu ya mashine inayosimama kwa magurudumu yake. Ikiwa unabadilisha ekseli peke yake na uzani ukiwa mahali pake, kumbuka zile kilo 2,200: jeki iwe na uwezo unaozidi hizo kwa mbali, na fremu ilazwe juu ya stendi au magogo ya mbao ngumu pande zote mbili, mahali ambapo kitabu cha mashine kimeelekeza. Kamwe usifanye kazi chini ya mashine inayoshikiliwa na jeki peke yake. Inua kiasi kinachohitajika ili ekseli ipite na usizidishe, maana kila sentimita unayoiinua nyuma inausogeza uzito wote mbele.

Kabla ya kugusa magurudumu, kuna jambo moja ambalo limeua mafundi na ambalo fundi wa magari madogo hawezi kulijua asipoambiwa. Ringi za foklifti zenye matairi ya upepo mara nyingi huwa za vipande viwili vilivyounganishwa kwa bolti, na pembeni mwake kuna nati nyingine zinazoifunga ringi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukifungua zile bolti za kuunganisha vipande wakati tairi lina upepo, ringi hupasuka kwa kishindo na kurusha chuma. Toa upepo wote kwanza, chomoa kiini cha valvu, pitisha waya mwembamba kuhakikisha tundu halijaziba, ndipo ulegeze nati za habu. Fanya hivyo hata kama unaamini unajua nati ipi ni ipi.

Ekseli yenyewe ni boriti nzito yenye pini fupi katikati, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Pini hizo hukaa ndani ya bushi (mirija mifupi inayoizunguka pini) zilizofungwa kwenye fremu kwa vifuniko vya bolti, na kwa njia hiyo ekseli huweza kuyumba juu na chini upande hadi upande, gurudumu moja likipanda kigingi huku jingine likibaki chini. Kwa sababu hiyo foklifti husimama kwa nukta tatu: magurudumu mawili ya mbele, na pini ya katikati ya ekseli ya nyuma. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu inayounganisha nukta hizo, mashine hulala ubavu. Bushi zilizolika huilegeza nukta ya tatu, na dereva huisikia mashine ikicheza mkia kabla ya kutulia kwenye kona.

Safisha pini na ndani ya vifuniko mpaka chuma king'ae, kisha pima pini kwa mikromita sehemu tatu za mzunguko wake. Pini iliyolika upande wa juu, ambako ndiko uzito unakoegemea, haifai kupewa bushi mpya na kurudishwa. Itazila bushi hizo ndani ya muda mfupi. Paka grisi, ingiza bushi, na hakikisha tundu la grisi la bushi limelingana na njia ya nipeli, mdomo wa kutilia grisi. Ni kosa dogo lakini nimeliona mara nyingi mno: bushi imegeuzwa kidogo, tundu limezibwa, na kila mpiga grisi anayefuata anaridhika kwa kuwa grisi inaonekana ikitokeza pembeni, kumbe ndani ni kukavu.

Ilaze ekseli juu ya jeki ya kitoroli, ifunge kwa mkanda isigeuke, na uisogeze chini ya fremu taratibu. Inua hadi pini zikutane na mahali pake pa kukalia, weka vifuniko kwa kufuata alama za mbele na nyuma, kaza bolti kwa mkono hadi zote zishike hesi, kisha kaza kwa spana ya kupimia mkazo kwa zamu, hatua kwa hatua, mpaka kipimo cha kitabu. Baada ya hapo pima mwanya wa mbele na nyuma kati ya boriti na fremu kwa geji ya bapa. Kwa mashine nyingi za ukubwa huu mwanya huo unatakiwa kuwa chini ya milimita moja, na hurekebishwa kwa washa nyembamba. Ekseli iliyobanwa bila mwanya haiyumbi. Iliyolegea sana hugonga fremu kila breki inapopigwa. Isukume kwa mkono upande mmoja: iyumbe kwa uzito lakini bila kukwama, mpaka iguse vizuizi vyake vya pande zote mbili.

Beringi za habu ni za umbo la pia, nazo hudai uvumilivu. Zijaze grisi kwa kuisukuma kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili wa rola, rudisha habu na gurudumu lake, kisha kaza nati ya katikati huku msaidizi akilizungusha gurudumu, ili rola zijipange. Ilegeze, uikaze tena kidogo mpaka mchezo uishe na gurudumu lizunguke kwa ukinzani mdogo unaolingana pande zote. Funga kwa kotapini mpya au washa mpya ya kukunja. Kwa kingipini, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Mchezo wowote unaousikia mkononi usipuuzwe.

Kisha silinda ya usukani. Katika foklifti nyingi za siku hizi hii ni silinda moja iliyolala sambamba na boriti, fimbo zake zikitokeza pande zote mbili na kuunganishwa na stabu ekseli (vipande vya mwisho wa boriti vinavyobeba magurudumu na kugeuka nayo) kwa viungo vifupi. Mipira miwili ya haidroliki huingia humo, na kwa bahati mbaya mara nyingi hufanana urefu, unene na nati. Ifunge vitambulisho tangu unapoitoa. Ikibadilishana, usukani utageuka kinyume, na hapo kuna mtego wa pili: mtu aliyezoea magari hutazama magurudumu ya nyuma, akazungusha usukani kulia, akayaona yakielekeza ncha zake za mbele kushoto, akadhani mipira imebadilishana, kumbe hivyo ndivyo inavyotakiwa. Pua ya foklifti huenda kulia pale ambapo mkia unasukumwa kushoto. Wakati wa mafunzo yangu niliwahi kuigeuza mipira iliyokuwa sahihi kwa kutazama hivyo, na nikaja kugundua mashine ilipokwenda upande wa ukuta nilipotaka iuache. Tangu hapo huketi kwenye kiti cha dereva, nikauliza pua itakwenda wapi, na ndipo ninapotoa hukumu.

Hewa iliyoingia kwenye mipira hutolewa magurudumu yakiwa bado hewani. Jaza mafuta ya haidroliki, rudisha waya hasi wa betri, washa injini katika mwendo wake wa chini, na zungusha usukani taratibu kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto mara nyingi, bila kuung'ang'aniza mwishoni, mpaka mlio wa kukwaruza uishe na usukani usiwe na uvivu. Ongeza mafuta, kagua kila kiungo kwa kipande cha kadibodi na si kwa kidole, maana mafuta yanayovuja kwa shinikizo kubwa hupenya ngozi. Rekebisha bolti za kuzuia ili magurudumu yaishie kwenye pembe iliyoandikwa na boriti isiguswe na tairi. Kwa mashine za umeme zenye kihisi cha pembe ya usukani, kihisi hicho kipimwe upya kabla ya kushusha mashine.

Kaza nati za magurudumu kwa mpangilio wa msalaba, jaza upepo ukiwa umesimama mbali na mkabala wa ringi, kisha shusha mashine.

Uzani wa nyuma

Kwa kuwa ekseli inayumba, fremu inaweza kuinamia upande mmoja pale uzani utakapogusa ndoano moja kabla ya nyingine. Mimi hupachika kabari za mbao ngumu kati ya boriti ya ekseli na fremu, kulia na kushoto, kabla ya kuanza kunyanyua. Zifunge kitambaa chekundu ili zisisahaulike.

Kagua sehemu za fremu zinazopokea uzani. Katika mashine nyingi kuna ndoano au vidato viwili vinavyobeba uzito wote, na bolti moja au mbili kubwa zinazovuta uzani ubane dhidi ya fremu. Mgawanyo huo wa kazi ni wa lazima kueleweka. Bolti hazikuwekwa kubeba kilo 1,300. Zimewekwa kuzuia uzani usiruke wala kusogea mashine inapopita kwenye mashimo. Ikiwa vidato vimelika, vimepinda au vimepakwa rangi nene na matope yaliyoganda, uzani hautakalia mahali pake na bolti zitaanza kubeba mzigo usio wao, zikatwe siku isiyotarajiwa. Kwangua hadi chuma. Tazama nyufa kwenye maungio ya kuchomelea, kwa tochi iliyolazwa ubavuni ili ufa utoe kivuli.

Uzani una matundu ya kunyanyulia juu yake. Skurubu za macho, zile zenye pete kichwani, zinazoingia humo ziwe za chuma kilichofuliwa kwa nyundo, zenye bega, na bega hilo likae bapa juu ya chuma bila mwanya. Katika chuma cha kusubu, hesi ziingie kina cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo cha skurubu. Ukinyanyua kwa slingi mbili, pembe kati yake ndiyo inayoamua. Kwa nyuzi 60, kila slingi inavutwa kwa kilo 750 hivi kwa uzani wetu wa kilo 1,300. Ukiifungua pembe hiyo hadi nyuzi 120 kwa sababu slingi ni fupi, kila moja inavutwa kwa kilo 1,300 kamili, yaani umeongeza mvuto kwa zaidi ya theluthi mbili bila kuongeza hata gramu moja ya mzigo. Tumia slingi ndefu, au boriti ya kunyanyulia inayoziacha zining'inie wima.

Nyanyua sentimita tano kutoka sakafuni na usimame. Tazama kama uzani umelala sawa au umeinamia upande. Usubiri dakika nzima uone kama kreni inashuka yenyewe. Mtu mmoja tu ndiye atoe ishara kwa mwendesha kreni, isipokuwa neno la kusimamisha, ambalo yeyote anaruhusiwa kulitamka. Uongozwe kwa kamba kutoka pembeni. Mikono isiingie kamwe kati ya uzani na fremu, hata kwa kusawazisha kidogo tu, na pia asiwepo mtu kati ya uzani na ukuta ulioko nyuma.

Kupanga matundu ya bolti ni kazi rahisi ukitengeneza stadi (bolti zisizo na kichwa) mbili ndefu za mwongozo, zenye hesi zilezile, ambazo huzifunga kwenye fremu kwanza. Uzani huteremka huku zikiuongoza, ukalala kwenye vidato, ndipo unazitoa moja baada ya nyingine na kuweka bolti zenyewe. Bolti ikikataa kuingia kwa vidole, usiilazimishe kwa spana ya upepo. Inua uzani tena kidogo, usogeze kwa mtaimbo, ujaribu upya. Hesi zilizoharibika ndani ya fremu zitakugharimu siku mbili.

Tumia bolti za daraja lililoandikwa na mtengenezaji, zikiwa na washa zake nene. Bolti ya M24 (yenye kipenyo cha milimita 24) ya daraja la uimara la 8.8 hukazwa kwa takriban niutoni-mita 650 hadi 700 ikiwa kavu, lakini kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho, na kipimo hushuka ukipaka mafuta kwenye hesi. Spana ya kawaida yenye bomba refu haiwezi kukuambia umefika wapi. Legeza kreni tu baada ya bolti zote kushika na uzani kukalia vidato pande zote mbili. Pitisha geji ya bapa kwenye mguso huo uone kama kuna nafasi. Kisha kaza hadi kipimo, ondoa slingi, na toa zile kabari za mbao kwenye ekseli.

Rudisha bomba la moshi, waya za taa za nyuma, pini ya kuvutia na wavu wa rejeta. Hakikisha hewa ya rejeta inapita katika uwazi wa uzani bila kuzibwa na kitambaa au karatasi iliyosahaulika, maana injini itachemka ndani ya nusu saa.

Majaribio

Endesha kwanza bila mzigo, polepole, ukichora umbo la nane mahali pasipo watu. Sikiliza mgongano wowote kutoka nyuma. Pandisha gurudumu moja la nyuma juu ya ubao wa sentimita tano: ekseli iyumbe, na gurudumu la pili lisiinuke. Kisha beba mzigo ambao uzito wake umepimwa kwenye mizani, usiozidi uwezo wa kibao, uinue sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, uinamishe mlingoti nyuma, na uende mbele, urudi, ufunge breki taratibu. Msaidizi atazame magurudumu ya nyuma kutoka pembeni. Yakipoteza mguso wa sakafu kwa mzigo ulio ndani ya uwezo, kuna kosa la uzani, la kibao, au la kifaa kilichoongezwa kwenye uma, na mashine isirudi kazini.

Linganisha namba za kibao na mashine iliyo mbele yako, hasa kama uzani ulitoka kwenye mashine nyingine. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inasimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007 inayosimamiwa na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Mkaguzi wa mitambo ya kunyanyulia atataka kuona kumbukumbu ya kazi hii, kwa hiyo andika tarehe, bolti zilizobadilishwa, vipimo vya mkazo na uzito wa jaribio.

Mwishowe chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaopita kwenye kichwa cha kila bolti na kuendelea juu ya chuma kilicho kando yake, kwa uzani na kwa vifuniko vya ekseli. Pima mkazo tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, na mara nyingine baada ya saa 50 hivi, pamoja na nati za magurudumu. Mwambie dereva autazame mstari huo kila asubuhi anapozunguka mashine. Akiuona umekatika, bolti imezunguka. Mashine isimame, bolti itolewe na ikaguliwe pamoja na kidato chake, kwa kuwa kuikaza peke yake kutaficha kilichoifanya ilegee.